Mionzi ya Mgwashi

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa sikai nikatulia. Wenzangu niliosoma nao fizikia walishapata mada za utafiti, wengine walishaanza kuandika, na mimi bado nilizunguka kwenye korido za idara na mada iliyonifia mkononi. Nilitaka kupima jinsi ukungu wa kwetu unavyopunguza nguvu ya paneli za sola. Pendekezo lilipita vizuri tu, kisha kifaa nilichokitegemea kikaharibika na kingine hakikuwepo. Asubuhi moja msimamizi wangu, mhadhiri asiyependa maneno mengi, alinikuta nimesimama nje ya ofisi yake. Akafungua mlango, akaingia, nikamfuata.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, binti. Kwenu ni wapi?"

"Lushoto. Mgwashi, upande wa Bumbuli."

"Huko nyumba mnajengea nini?"

"Za zamani miti na udongo. Siku hizi tofali za kuchoma. Msingi ni mawe."

Alivuta droo akatoa kifaa cha ukubwa wa redio ndogo ya betri, akakiwasha na kukiweka mezani. Kikaanza kugonga. Tk. Tk-tk. Kimya. Tk. Mezani hapakuwa na kitu zaidi ya karatasi na kikombe cha chai.

"Hiyo ni mionzi ya asili," alisema. "Inatoka kwenye mawe, kwenye udongo, nyingine inatoka juu angani. Nenda kwenu ukapime ndani ya nyumba za udongo na za tofali, uone kama kuna tofauti. Ukirudi niletee data. Usiniletee hadithi."

Nikapanda milima wakati wa baridi, ule msimu ambao kwetu jua huonekana saa za mchana tu na watu hushinda na masweta. Mama yangu alikitazama kile kifaa, akaniambia nisikiweke karibu na chakula. Sikubishana naye. Barua ya utambulisho niliipeleka ofisi ya kijiji, nikapata ruhusa, na kesho yake nikaanza na nyumba ya jirani yetu.

Jirani huyo tulimwita bibi ingawa hatukuwa na undugu naye. Alikuwa mjane. Mume wake alifariki mwaka uliotangulia kwa kansa ya koo, baada ya kuhangaika naye kutoka hospitali hadi hospitali mpaka wakafika Dar es Salaam. Watoto wao walikuwa wameolewa na kuoa mbali. Nyumba yake ilikuwa ya miti na udongo, ya zamani na imara, kuta zimepakwa udongo mweupe mpaka dirishani. Nilipendezwa nayo kwa sababu ilikuwa mfano mzuri wa nyumba niliyoitafuta. Nilimwamkia, akanikaribisha, nikaweka kifaa sebuleni kisha chumbani, kila mahali dakika kadhaa, nikiandika.

Kwa mtu asiyekizoea, kifaa kile kinatia wasiwasi. Hakigongi kwa mpango. Ni kama mvua inapoanza juu ya bati, tone hapa, tone kule, matatu kwa pamoja, halafu hakuna. Hata mimi niliyefundishwa darasani kwamba ndivyo ilivyo, kwamba huwezi kujua mlio unaofuata utakuja lini na ndiyo maana lazima uhesabu kwa muda mrefu, sikuweza kukaa chini kikigonga. Nilikuwa natembea. Nilitoka mlangoni, nikarudi, nikachungulia namba, nikatoka tena.

"Kinasema nini?" bibi aliniuliza. Alikuwa amesimama kwenye fremu ya mlango wa chumba chake, mikono imefungwa ndani ya kanga.

"Kinahesabu mionzi, bibi."

Aliikaza kanga yake. Nilidhani ameelewa au hajali. Nikamshukuru, nikaenda nyumba ya pili.

Nilimaliza nyumba za upande wetu wa kijiji bila shida. Nilipohamia upande wa pili, milango ikaanza kuwa migumu. Mama mmoja aliniambia mume wake hayupo, na mume wake nilikuwa namwona akifunga mbuzi. Mwingine alinikaribisha chai nje na hakuinuka kunionyesha ndani. Nilirudi nyumbani nimenuna. Mama alikuwa anarudi kutoka kupeleka majani ya chai kwenye banda la kupimia, lile ambalo lori la kiwanda cha chai cha Mponde huja kuchukulia mzigo, na kila kinachosemwa kijijini husemwa pale.

"Wanasema umetumwa kutafuta nyumba zenye kansa," alisema akitua tenga.

"Nani anasema?"

"Watu. Na bibi yako amehama nyumba. Analala jikoni."

Nilisimama pale pale na kalamu mkononi. Mama akaniangalia kama mtu anayesubiri nikumbuke kitu.

"Mume wake alitibiwa kwa kuchomwa mionzi kule Dar," alisema. "Hilo neno yeye alilisikia hospitali. Wewe umeenda kumwambia lipo chumbani kwake."

Jiko la bibi lilikuwa kibanda kilichojengwa nyuma ya nyumba, kimeegemea mwamba, ukuta mmoja ukiwa ni mwamba wenyewe. Halikuwa na dari wala dirisha la maana. Kwa baridi ile, mtu wa umri wake kulala mle na moshi lilikuwa jambo la kuogopesha kuliko chochote ambacho kifaa changu kingeweza kukionyesha. Nilimpigia simu msimamizi. Nilimweleza haraka haraka nikizunguka uwanjani, kuku wakinikimbia.

"Umeshachambua data?"

"Bado, Dokta. Ila namba zote zinaonekana ni za kawaida."

"Zinaonekana? Usiseme lolote kwa watu mpaka umechambua. Ukisema leo na kesho ukabadilisha, hawatakuamini tena. Wala mimi sitakuamini."

Alisema kweli. Lakini yeye hakuwa analitazama jiko la bibi likitoa moshi saa ambayo watu hawapiki. Nilikaa juu ya gogo, nikainuka. Nilifungua kompyuta nikaanza kuingiza namba, nikaifunga. Hatimaye nilivuka uzio wa migomba nikamfuata.

Alikuwa anamenya viazi. Godoro lake lilikuwa limekunjwa kando ya mafiga.

"Bibi, nimesikia umehama."

"Nimehama."

"Nyumba yako haina tatizo."

Akaendelea kumenya. "Mionzi ipo, au haipo?"

Nikatafuta njia ya kuanzia. Nikaanza kueleza habari za mawe, kwamba dunia tangu ilipoumbwa, akanikatiza kwa kisu, hakukinyoosha kwangu, alikiinua tu.

"Mjukuu wangu, nimekuuliza swali dogo. Ipo, au haipo?"

"Ipo, bibi. Lakini..."

"Basi nilijua."

Nilijaribu kuimalizia ile "lakini" yangu mara kadhaa, kwa Kiswahili, kisha kwa Kishambaa, lugha ambayo haijawahi kunikwamisha nikiwa nyumbani, na siku hiyo ikanikwamisha kwa sababu sikuwahi kuitumia kusema kiasi kidogo cha kitu kisichoonekana. Bibi alinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza aliniambia mume wake alilala kwenye kile chumba tangu walipooana, na yeye ndiye aliyekuwa akisiriba ukuta kwa mikono yake kila mwaka baada ya mvua. Udongo aliuchimba mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa anachokibeba.

Siku zilizofuata nilipima kama mtu anayedaiwa. Nilipima kanisani, shuleni, kando ya barabara, kwenye chemchemi, shambani kwetu katikati ya chai. Nilirudia nyumba nilizokwishapima. Kila niliporudia namba ilikuja tofauti kidogo na ile ya mwanzo, na ingawa nilijua kwa nini, nililala nikiihofia, nikaamka nayo. Kisha nilipima jikoni kwa bibi, alipokuwa ameenda kisimani, kwa idhini yake ya kuitikia kwa kichwa tu. Namba zikapanda. Si sana. Bado zilikuwa ndani ya kile tulichofundishwa kuwa ni cha kawaida mahali pengi duniani, lakini zilikuwa juu ya za chumbani kwake, na nilipokisogeza kifaa karibu na mwamba ziliongezeka tena. Ni mwamba. Bibi alikuwa amekimbia udongo akaenda kulala ubavuni mwa jiwe.

Ningemwambia, angehama tena. Angeenda wapi? Ningenyamaza, angeendelea kulala kwenye moshi. Nilitembea mpaka kwenye kona ya barabara ya Bumbuli na kurudi. Mama alinifuata akanirushia sweta.

Mwishowe nilifanya jambo ambalo halikuwemo kwenye pendekezo langu. Nilimsubiri bibi arudi, nikampa kile kifaa mikononi.

"Kishike wewe," nilimwambia. "Twende unakotaka."

Alikishika kama anavyoshika kifaranga. Kikagonga. Alitoka nacho jikoni akapita uwanjani, kikagonga. Akaingia kwenye migomba, kikagonga. Akakiweka juu ya jiwe la kuanikia vyombo, akainama kukisikiliza, akakichukua. Tulishuka mpaka shamba la mahindi, tukapanda mpaka njia ya kanisani, na watu waliokuwa wakipita walisimama kutazama bibi mwenye kanga mbili akitembea na kidude kinacholia. Alikipeleka mpaka ukuta wa kanisa. Kikagonga pia. Akanigeukia.

"Hata hapa?"

"Hata hapa, bibi. Hata wewe na mimi. Ndani ya mifupa yetu imo kidogo. Hakuna mahali isipokuwepo."

"Na kule kwake?"

Sikuuliza ni kwa nani. Tulirudi mpaka nyuma ya nyumba, kwenye ile bustani ndogo ya migomba ambapo mume wake alizikwa, kaburi limezungushiwa mawe na kupandwa maua. Bibi alipiga magoti, akaweka kifaa juu ya udongo. Tulisikiliza muda mrefu kuliko nilivyokuwa nikisikiliza mahali pengine popote. Tk. Kimya. Tk-tk.

"Kinalia sawa na chumbani?"

"Sawa na chumbani."

"Na jikoni?"

Nilivuta pumzi. "Jikoni kinalia zaidi kidogo. Kwa sababu ya mwamba. Lakini hata pale hakiwezi kumuua mtu, bibi. Moshi wa mle ndani unanitisha zaidi."

Nilimtazama usoni nikisubiri avunjike au anifukuze. Aliguna tu, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoitarajia.

"Kwa hiyo siyo nyumba yangu."

"Kwa ninavyoona mimi, siyo nyumba yako. Na siyo udongo uliosiriba."

"Basi ni nini kilichomuua?"

"Sijui, bibi."

Alikaa pale akipangusa majani makavu juu ya kaburi, moja moja. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nyumbani miguu yangu haikutaka kwenda popote. Baadaye alinirudishia kifaa akaniambia nikizime, kinampigia kelele. Hakurudi nyumbani kwake siku ile. Alirudi Jumapili.

Jumapili hiyo mchungaji alinipa nafasi. Nilikuwa nimemfuata kumweleza yaliyotokea, akacheka kidogo, kisha akasema maneno yameenea mpaka mtaa wa pili wa usharika na ni heri niyaseme mwenyewe. Baada ya ibada watu walitoka nje kwa ajili ya mnada wa sadaka, kuku na mikungu ya ndizi imepangwa kwenye nyasi, na kabla mnada haujaanza akanisimamisha mbele. Nilisema nimepima nyumba za kijiji, nilisema nilichokipata, nilisema bado sijamaliza hesabu na nikimaliza nitarudi kuwaambia hata kama nitakuwa nimekosea. Sehemu nyingine niliisema kwa Kishambaa, wazee wakatikisa vichwa, na sikujua wanakubali au wanahurumia Kishambaa changu cha chuo.

Mwanaume mmoja aliinua mkono. Alikuwa mmoja wa wale walionifungia mlango.

"Kama haina madhara, unaipima ya nini?"

Watu wakacheka. Nilijibu kwamba ili ujue haina madhara lazima mtu aipime kwanza. Alikubali nusu. Akauliza kama kifaa kinaweza kupima ule mnara wa simu uliopo kilimani, maana mke wake tangu ujengwe anaumwa kichwa. Nikasema hakiwezi, hiyo ni mionzi ya namna nyingine kabisa. Nikaona nyuso zikibadilika tena. Kuna mtu akasema kwa sauti, "Kumbe zipo za namna mbili!" Mchungaji akaingilia, akainua jogoo wa kwanza, mnada ukaanza. Nilitoka pale nikiwa nimelowa jasho kwenye baridi. Bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alinunua mkungu wa ndizi, akanitaka nimbebee, na tulipofika kwake alipita jikoni akachukua godoro akaliingiza chumbani. Nilimsaidia kulikunjua.

Niliporudi chuoni, uchambuzi ulinichukua muda mrefu kuliko nilivyomwahidi msimamizi. Matokeo yalikuwa haya: nyumba za udongo na za tofali hazikutofautiana kwa kiasi cha kujivunia, na zilizogusa mwamba zilikuwa juu kidogo. Msimamizi alisoma rasimu yangu na kalamu nyekundu. Aya niliyoandika kuhusu bibi na matembezi yetu aliikata kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Hii siyo fizikia," alisema. Kisha, nilipokuwa nakusanya karatasi, akaongeza, "Lakini ulifanya vizuri."

Siku ya uwasilishaji nilivaa sketi ya kuazima. Wahadhiri walikaa mbele, wenzangu nyuma, na kwa kuwa yote ilikuwa kwa Kiingereza nilikariri mpaka mahali pa kupumua. Hawakuuliza habari za hofu ya mtu. Waliuliza kwa nini nilihesabu kwa muda ule na si zaidi, waliuliza habari za unyevu wa udongo, na mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, aliuliza hasa nini maana ya matokeo yangu ikiwa tofauti yenyewe ni ndogo hivyo. Nilikumbuka swali la yule mwanaume kabla ya mnada. Nikajibu kwamba kujua kuwa tofauti ni ndogo nako ni kujua, na kwamba kuna watu waliohitaji kulisikia hilo kutoka kwa mtu aliyepima. Aliandika kitu. Nilipita kwa alama nzuri, ila si za juu kabisa.

Nilimpigia mama jioni ile. Alikuwa na bibi, na bibi akaomba simu.

"Wamesemaje wakubwa zako?"

"Wamekubali, bibi."

"Waliniulizia mimi?"

"Hapana. Kwenye ripoti nyumba zina namba, hazina majina. Yako ni ya kwanza."

"Na yeye?"

"Yeye hayumo."

"Ungemtaja," alisema, akamrudishia mama simu.

Sikuweza kuisahau sauti ile. Nilikuwa nimewaahidi watu nitarudi na majibu, na ripoti niliyokuwa nayo hakuna mtu Mgwashi angeisoma. Nikakaa na kuiandika upya kwa Kiswahili, kurasa chache. Kazi hiyo ilinisumbua kuliko ripoti yenyewe. Kila sentensi niliiona ama inatisha ama inadanganya. Nilifuta, nikaandika, nikatoka nje, nikarudi. Niliandika kuhusu mawe na udongo, kuhusu jiko la kwenye mwamba na moshi wake, na nikaandika kwamba katika nyumba ya kwanza aliishi mgonjwa wa kansa aliyefariki, na kwamba sikuona chochote katika nyumba ile kinachoweza kulaumiwa kwa kifo chake.

Nilipopanda tena nilimsomea bibi kurasa hizo kabla ya kuzipeleka ofisi ya kijiji. Tulikaa sebuleni kwake, mlango wazi, ukungu ukiwa umeishia barazani. Alisikiliza mpaka mwisho macho yakiwa kwenye mikono yake.

"Pale uliposema mgonjwa," alisema. "Pafute."

"Niandike nini?"

"Hakuwa mgonjwa. Ugonjwa ulikuwa wa mwisho tu. Alikuwa fundi seremala. Mbao alizitoa msitu wa Shume, milango ya shule ile alitengeneza yeye. Andika fundi."

Nikakata neno kwa kalamu, nikaandika juu yake. Aliomba karatasi. Kusoma alikuwa anajua, ila kwa taabu, na alitembeza kidole mpaka akalifikia, akalisoma kwa sauti ndogo. Kisha akaniuliza kama nimeshakula, akaenda jikoni kupasha viazi, na akauacha mlango wa jiko wazi ili moshi utoke.